Kubisha si kutukana, na anayepinga hajatumwa

Jumamosi moja nilikuwa kwa kinyozi wangu nikisubiri zamu. Ni kibanda cha mabati chenye viti viwili vya kunyolea, benchi moja na redio isiyozimwa. Siku hiyo redio ilikuwa ikicheza wimbo wa gengetone, ule muziki ulioshika kasi humu nchini baada ya kundi la Ethic kutoa Lamba Lolo mwaka wa 2018. Mzee mmoja aliyekuwa akinyolewa ndevu akaguna. "Huu si muziki," akasema. "Haya ni matusi yaliyotiwa ngoma."

Kijana aliyeketi kando yangu hakunyamaza. "Mzee, usikasirike, lakini hata nyinyi mliimba hayo hayo. Ni vile tu mlikuwa mnayafunika na mafumbo."

Nikakunja gazeti langu. Hilo lilikuwa jambo la kusikilizwa. Je, tusi likivikwa fumbo huacha kuwa tusi? Fumbo ni adabu ama ni ujanja tu wa kusema yasiyosemeka? Hapo pana semina nzima, na taarabu ya Pwani pekee ingetosha kuwa mfano wa saa mbili. Mzee mwenyewe alikuwa ameshatabasamu na kuinua kidole, dalili ya mtu aliye na jibu.

Kabla hajafungua kinywa, mtu wa tatu akadakia: "Kwani wewe kijana ni wa wapi?"

Kijana akataja kwao.

"Ahaa! Ndiyo maana."

Watu wakacheka. Kijana akainamia simu yake, mzee akashusha kidole, na mashine ikaendelea kunguruma. Mjadala ukafa pale pale, na hakuna aliyeulilia. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Siku hiyo nilimwona kijana akinyolewa akili kabla ya nywele.

Nimekuwa nikiyakusanya maswali ya aina hiyo tangu siku ile, kama mwalimu anavyokusanya makosa ya wanafunzi. Mtu akipinga sera ya serikali, huulizwa: "Umetumwa na nani?" Akiitetea, huulizwa: "Umelipwa pesa ngapi?" Mwanamke akizungumzia malezi au sheria ya ndoa: "Kwani wewe umeolewa?" Kijana akitaja deni la taifa: "Ulizaliwa mwaka gani?" Mzee akitaja muziki: "Wakati wenu uliisha, bana." Yote yana alama ya kuuliza mwishoni, lakini si maswali. Anayeuliza hangoji jibu. Anachotaka ni mwenzake aondoke barazani na hoja yake aende nayo.

Dai langu leo ni dogo, ila lina uzito. Sisi Wakenya hatuna upungufu wa maoni. Tunabishana asubuhi kwenye matatu, mchana kazini na usiku kwenye simu. Tulichopungukiwa ni ule uwezo wa kuitenga hoja na mwenye hoja. Kila linaposemwa jambo, huanza kwa kumtazama aliyesema, na aghalabu hatufiki kwenye jambo lenyewe. Na lugha tunayoitumia kuelezea tofauti zetu imetusaidia sana kufika hapa tulipo.

Hebu tuanze na sarufi, maana huko ndiko kwangu.

Kiswahili kina kauli ya kutendana, inayoundwa kwa kiambishi -an-. Pinga huzaa pingana, jadili huzaa jadiliana, jibiza huzaa jibizana, na bisha huzaa bishana. Kiambishi hicho ni kifupi lakini kina sharti kubwa: lazima pawe na wawili, na kila mmoja atende na kutendwa. Huwezi kujadiliana peke yako. Ukimfungia mwenzako mdomo, kitenzi chenyewe kinakukataa.

Sasa litazame neno tukana. Kwa sura, linafanana na hayo mengine. Lina -ana mwishoni, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeweza kuapa kwamba liko katika kauli ya kutendana. Halimo. Hiyo -an- ni sehemu ya shina. Ndiyo maana tunasema "alinitukana", mtu mmoja kumtendea mwingine, na wakitupiana wote wawili inatubidi tuongeze kiambishi halisi: "walitukanana". Tukana ni kitenzi cha mtu mmoja kilichovaa nguo za wawili. Ndivyo yalivyo mengi tunayoyaita mijadala. Kwa mbali utadhani watu wanazungumza, wamekaribiana na sauti zimepanda. Ukisogea, unagundua kila mmoja anasema peke yake.

Nalo neno malumbano tumelitendaje? Kulumba ni kusema kwa ufasaha, na mlumbi ni msemaji hodari. Kwa hivyo kulumbana, kwa asili yake, ni watu wawili wenye ulimi kupimana ufasaha na fikra. Ni sifa. Lakini msomaji akisikia leo kwamba viongozi fulani "wanalumbana", picha inayomjia ni ya mikono iliyokunjwa na mashati yaliyochanika. Neno limeshushwa hadhi, na sisi tunaoandika magazetini tuna mkono wetu humo. Tazama vichwa vya habari zetu. Wanasiasa wakitofautiana kuhusu bajeti ya kaunti, tunaandika kwamba "wararuana", "wavuana nguo" au "warushiana cheche za maneno". Hutasoma kwamba mmoja alitoa hoja na mwingine akaijibu, hata pale jambo hilo lilipotokea kweli. Msomaji anayelishwa vita kila asubuhi atajifunza wapi kwamba kupinga si kupigana?

Nasikia mtu akisema kwamba mambo yalikuwa hivi tangu zamani, na kwamba hao wahenga tunaowasifu walikuwa na ndimi kali kuliko zetu. Ni kweli. Sitaki kuiremba historia. Lakini ukali wao ulikuwa na kanuni, na kanuni hizo ndizo ninazozililia.

Mchukue Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka wa 1840. Muyaka hakuwa mtu wa maneno ya sukari. Aliishi wakati Wamazrui wa Mombasa walipokuwa wakizozana na Lamu na utawala wa Seyyid Said, naye akashika upande wa mji wake bila kuomba radhi. Alitunga kuhusu vita, mapenzi, fitina na mambo ya nyumbani, na mashairi yake mengine yalikuwa mishale hasa. Leo tunayasoma kwa sababu watu waliyahifadhi, Mwalimu Sikujua akiwa mmoja wao, hadi yakachapishwa na Hichens mwaka wa 1940 katika Diwani ya Muyaka. Baadaye Profesa Mohamed Abdulaziz akayachambua katika kitabu chake cha mwaka wa 1979.

Ninachotaka tukitazame ni desturi ya kujibizana ambayo Muyaka alikuwa mmoja wa magwiji wake. Katika desturi hiyo, anayelijibu shairi aghalabu huyachukua mizani na vina vya yule anayemjibu. Mwenzako akifunga beti kwa -ni na -wa, nawe hurudi kwa -ni na -wa. Wapo watakaoona kwamba hayo ni mapambo tu. Mimi naona sharti la haki. Huwezi kujibu kwa vina vya mtu ambaye hukumsikiliza hadi mwisho wa mshororo. Kabla ya kumpiga kijembe ilikubidi uyakariri maneno yake, uyapime, uyakae. Ukali ulikuja baada ya usikivu. Leo tumebaki na ukali, na vina hatuvijui.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Mwaka wa 1974 Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alichapisha Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani. Moto ukawaka. Wanamapokeo walisema kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi, ni nathari iliyokatwakatwa. Wanamabadiliko, miongoni mwao Mulokozi na Kahigi, wakajibu kwamba arudhi si uti wa mgongo wa ushairi wote, na kwamba ushairi wa Kiafrika ulikuwapo kabla ya kanuni hizo. Malumbano yale yaliendelea miaka na miaka, na sidai kwamba kila mtu alichunga ulimi wake. Palikuwa na kejeli za kutosha. Lakini uliza yalituachia nini. Yalituachia vitabu, makala, na nadharia ambazo hatungekuwa nazo kama kila upande ungeishia kuuliza, "Kwani wewe ni wa wapi?" Swali hilo lingekuwa rahisi sana kuliuliza, kwani Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, mbali na Lamu na Mombasa. Leo mtahiniwa wa KCSE anayefungua karatasi ya Fasihi anaweza kukutana na shairi la arudhi au shairi huru, na anatarajiwa kulichambua lolote kati ya hayo. Hakuna upande ulioufuta mwingine. Ugomvi uliotunzwa vizuri ulizaa watoto wawili.

Lakini kuna aina nyingine ya jibu, na haingekuwa haki niipite. Mwaka wa 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika kijikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi? Kichwa chenyewe ni swali. Aliikosoa serikali ya wakati huo na kuwauliza wananchi kama wanaijua njia wanayopelekwa. Serikali haikumwandikia karatasi ya kumjibu. Ilimfunga, kuanzia 1969 hadi 1972. Humo gerezani ndimo alimotunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka wa 1973 na mwaka uliofuata yakashinda Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Nchi ile ile iliyomfunga ndiyo iliyomtuza. Swali lake, hata hivyo, halijajibiwa rasmi mpaka leo.

Tukadhani hayo yamepita. Kisha Aprili 2025 ukaja mchezo wa Echoes of War wa Shule ya Wasichana ya Butere, ulioandikwa na aliyekuwa Seneta Cleophas Malala. Mchezo uliondolewa mashindanoni, Mahakama Kuu ikaamuru urudishwe, na siku ya kuigizwa kule Nakuru wasichana wale wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani. Hawakuwa na hadhira wala mwandishi wao. Nje, vitoza machozi vilikuwa vikirushwa.

Nawakumbusha kisa hiki kwa sababu ya mabishano yaliyofuata. Nilikaa na watu wengi waliokuwa na maoni makali kuhusu mchezo ule. Nilikuwa nikiwauliza swali moja tu: "Umeusoma au umeutazama?" Karibu wote walisema hapana. Walikuwa wakibishana kuhusu Malala: chama chake, tamaa zake, waliomtuma. Waliomtetea nao walifanya vivyo hivyo kwa upande wa pili, wakiwataja waliomkamata. Mchezo wenyewe, wahusika wake, ujenzi wake, hoja yake kuhusu vijana na utawala, ulibaki kama mgeni aliyesahauliwa mlangoni. Hivi ndivyo sisi wahakiki tunavyokosa kazi. Tunaulizwa nani kaandika, wala hatuulizwi kimeandikwa nini.

Msomaji mwerevu atanibisha hapa, na ningependa anibishe. Atasema: kuna wakati ni halali kabisa kuuliza nani anasema. Mtu anayeisifu dawa redioni asubuhi nzima, kumbe ndiye mwenye duka la dawa hiyo, tusimwulize? Tumwulize. Mbunge anayetetea zabuni ambayo shemeji yake ameishinda, tusilitaje jambo hilo? Tulitaje, na kwa sauti. Lakini kuna masharti mawili. Kwanza, uwe na ushahidi, maana "umelipwa" bila risiti ni uzushi tu. Pili, ukishamtaja mtu, bado una deni la kuijibu hoja yake. Mwenye duka anaweza kuwa na tamaa na dawa yake ikawa inatibu. Mambo hayo mawili huchunguzwa kila moja mahali pake.

Atasema tena: na kejeli je? Wanyonge wasicheke? Wacheke! Nchi isiyoweza kumcheka mkubwa wake ni gereza. Chukua lakabu ya Zakayo ambayo Wakenya walimbandika Rais Ruto kwa sababu ya kodi. Wapo walioiita tusi. Mimi nina kipimo changu: likamue neno uone kama litatoa tone la hoja. Zakayo wa Injili ya Luka alikuwa mtoza ushuru tajiri aliyepanda mkuyu. Ukiikamua lakabu hiyo unapata dai kamili: kodi zimezidi, na anayezitoza yuko juu asikoweza kutugusa. Dai hilo linaweza kupingwa kwa takwimu. Kwa hivyo ni kejeli, lakini ni kejeli yenye mbegu. Sasa likamue "umetumwa". Halitoi kitu. Limekauka.

Jambo moja tu hunisikitisha kuhusu lakabu ile, kwamba wengi tuliishia kwenye "shuka". Katika kisa chenyewe, Zakayo akishashuka, mgeni huenda nyumbani kwake, na huko ndiko mtoza ushuru anakoahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Toba ya kodi ilitokea ndani ya nyumba. Sisi tulimwita ashuke, naye hakufungua mlango wa kuzungumza hadi damu ilipomwagika.

Hapo ndipo ninapolazimika kujisema mwenyewe.

Katikati ya Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipokuwa gumzo la nchi, mpwa wangu, binti ya dada yangu, alituma picha za kurasa za mswada ule katika kundi letu la ukoo la WhatsApp. Alikuwa amepigia mstari sehemu mbili: ushuru wa thamani wa asilimia 16 kwa mkate, na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Chini yake aliandika kwamba angeenda maandamano. Hakutukana mtu. Alitoa ukurasa na kifungu. Kama angekuwa mwanafunzi wangu, ningempa alama zote.

Mimi, mtu anayelipwa mshahara kuwafundisha watu uhakiki, nilimwandikia hivi: "Umetumwa na nani?"

Akanijibu: "Anko, sijatumwa na mtu. Si usome kwanza hizo page nimeweka."

Nikaandika kwamba yeye ni mtoto, na kwamba mama yake halipi karo ili yeye awe mtu wa barabarani. Wajomba wengine wakatia vidole gumba. Dakika chache baadaye simu ikaonyesha kwamba mpwa wangu ametoka kwenye kundi.

Nilikuwa sijausoma mswada. Naomba sentensi hiyo ikae peke yake. Nilimkosoa mtu aliyesoma, ilhali mimi sikuwa nimesoma, na silaha yangu pekee ilikuwa umri.

Tarehe 25 Juni vijana waliingia Bunge, na risasi zikapigwa. Wapo waliokufa. Nilimpigia mpwa wangu simu mara nyingi jioni ile na haikushikwa. Nilikaa sebuleni nikitazama runinga, na kitu kimoja kilinirudia kichwani kama msumari: kwamba kama ameanguka pale, neno la mwisho kutoka kwangu ni "umetumwa". Saa nne usiku dada yangu akaniambia kwamba mtoto yuko salama kwa rafiki yake, ila hataki kuzungumza nami. Siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada ule. Serikali ilikuwa imebadilisha msimamo. Mimi bado nilikuwa sijabadilisha wangu.

Miezi ikapita. Niliandika ujumbe wa kuomba radhi mara kadhaa nikaufuta. Ni ajabu jinsi mtu anayeandika makala kila wiki anavyoweza kukosa maneno mawili.

Ni neno moja la kamusi lililonisukuma. Nilikuwa nikitayarisha somo kuhusu homonimu, maneno yenye umbo moja na maana tofauti, nikafika kwenye bisha. Kamusi zinalipa maana zaidi ya moja. Kuna kubisha kwa maana ya kupinga asemalo mtu. Kuna kubisha hodi, yaani kugonga mlango na kungoja kukaribishwa. Na kuna kubisha kwa mabaharia: chombo kinapokutana na upepo wa omo, ule unaotoka kule kinakoelekea, nahodha hawezi kwenda moja kwa moja. Hukipeleka chombo upande huu, kisha upande ule, na kwa njia hiyo ya kupindapinda husonga mbele kwa kuutumia upepo ule ule unaompinga.

Sidai kwamba maana hizo tatu zimetoka shina moja. Mwanaisimu mwangalifu hatadai hivyo kwa kuwa umbo limelingana tu. Lakini wanafunzi walipotoka darasani nilibaki nikizitazama ubaoni. Nilikuwa nimefanya la kwanza tu, tena vibaya. Sikuwa nimebisha hodi kabla ya kuyaingilia mawazo ya mtu. Na upepo wake wa omo, ambao ungenipeleka mahali, niliugeuzia mgongo nikabaki palepale nilipokuwa.

Jumapili moja ya Desemba nilipanda matatu hadi Juja anakoishi katika chumba cha kupanga. Nikabisha hodi. Alikaa kidogo kabla ya kufungua. Alinitazama, akasema, "Shikamoo, Anko," kwa sauti ya mtu anayetimiza adabu tu, akanionyesha kiti.

Nilimwambia kwamba nimeusoma mswada. Akauliza, "Wote?" Nikasema wote. Nikamwambia kwamba nilikosea kumwuliza aliyemtuma, na kwamba swali lile halikuwa swali. Hakusema amenisamehe. Aliweka maji ya chai.

Kisha tukabishana. Mimi nilimwambia, na bado naamini, kwamba kuingia Bunge kulikuwa kosa: Bunge ni la raia hata linapowasaliti, na anayelichoma anachoma chake. Yeye akasema kwamba mimi naanza hadithi katikati. Kwa nini sauti za wiki nzima hazikusikika hadi mlango ulipovunjwa? Kwa nini nahuzunikia jengo kabla ya waliopigwa risasi? Nikamtajia Katiba ya 2010, kwamba Kifungu cha 37 kinalinda maandamano ya amani ya watu wasio na silaha. Akaniambia anakijua kifungu hicho kuniliko, kwa sababu alikuwa amekiandika kwenye bango alilobeba siku ile. Sikuwa na jibu la kumpa. Nilinyamaza, na kunyamaza huko hakukuniua.

Hatukukubaliana. Hadi leo hatujakubaliana. Lakini saa tatu zilipita bila yeyote kati yetu kumwuliza mwenzake ni wa upande gani. Wakati fulani alirudia hoja yangu kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kuipinga, akaieleza vizuri kuliko nilivyoieleza mimi. Nikawakumbuka malenga na vina vya kuazimana.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya sebuleni, na kwamba nchi haiponywi kwa chai. Huenda. Lakini Wakenya hawajifunzii Bungeni namna ya kutofautiana. Wanajifunzia kwa kinyozi, kwenye matatu, mezani kwa wajomba. Kijana anayeulizwa "umetumwa" nyumbani hatashangaa akiulizwa hivyo hivyo kituoni. Na mkubwa aliyezoea kumnyamazisha mpwa wake kwa umri hatatafuta hoja atakapopewa ofisi na askari. Methali inatuonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hawa tunaowafukuza barazani leo ndio tutakaowahitaji kesho watuambie tulipokosea.

Kwa hivyo wiki hii nakupa zoezi, msomaji. Ukisikia jambo linalokukera, kuhusu siasa, mavazi au huo muziki wao, usijibu kabla hujalirudia kwa maneno ambayo aliyelisema atakubali kwamba ni yake. Kisha lipinge kwa nguvu zako zote. Na kama nimekosea katika makala haya, nibishe. Usiniulize kwetu ni wapi.

Nilipokuwa naondoka, mpwa wangu alinisukumia kipande cha mwisho kilichobaki kwenye sahani. "Maliza tu, Anko," akasema. "Mkate bado hauna ile ushuru yao."

Nikaumaliza.